Mita 0.31: kisa cha ramani ya Wi-Fi iliyokuwa nzuri kupita kiasi

Nilikuwa msimamizi wa pili katika utafiti huu wa shahada ya uzamili. Mwanafunzi amesoma maelezo haya na kuyakubali. Jina lake, chuo, jengo na miaka vimeondolewa, na baadhi ya vipimo vya jengo vimebadilishwa kidogo ili lisitambulike. Mlolongo wa mambo uko kama ulivyokuwa, pamoja na sehemu zinazonitia aibu mimi mwenyewe.

Muktadha

Mwanafunzi alitaka kutengeneza programu ya simu ya kumwelekeza msomaji ndani ya maktaba mpaka kwenye rafu yenye kitabu anachokitafuta. GPS haifai kwa kazi hiyo. Mawimbi ya setilaiti hufika ardhini yakiwa dhaifu mno, na zege la dari humaliza kilichobaki. Ndani ya jengo inabidi utumie kilichomo, na humo kilikuwamo Wi-Fi: vile visahani vyeupe vilivyogandishwa darini, ambavyo hapa nitaviita ruta kama watu wanavyoviita.

Njia aliyoichagua ni kongwe na yenye heshima yake. Mwaka 2000, Bahl na Padmanabhan wa Microsoft walichapisha mfumo wa RADAR. Unapita kwenye nukta nyingi za jengo, na kila nukta unaandika kila ruta inasikika kwa nguvu kiasi gani. Unapata jedwali. Baadaye kifaa kikitaka kujua kiko wapi, kinasikiliza hewa na kutafuta mistari ya jedwali inayofanana zaidi na kile kinachosikika. Tuuite kila mstari wa namba hizo alama ya mahali. RADAR ilipata kosa la kati (nusu ya makosa yako chini yake, nusu juu yake) la mita 2 hadi 3, ikitumia vituo 3 tu vya mawimbi. Miaka 5 baadaye mfumo wa Horus wa Chuo Kikuu cha Maryland ulishusha kosa zaidi kwa kutumia hesabu za uwezekano. Kwa hiyo mwanafunzi alipoandika kwamba analenga kosa lisilozidi mita 2, katika jengo lenye ruta zaidi ya 20, hatukuona kwamba anaota.

Pendekezo lake lilikuwa na kurasa 40. Sura nzima ilihusu algoriti, yaani kanuni za kompyuta za kukisia mahali kutokana na jedwali: majirani wa karibu, misitu ya maamuzi, mitandao ya neva ya aina tatu. Ukusanyaji wa data ulipewa nusu ukurasa, na sentensi ya maana ilikuwa moja: data itakusanywa kwa simu ya Android katika sehemu za ghorofa mbili. Tulilipitisha pendekezo. Nakumbuka nilisahihisha nukta na mkato kwenye ukurasa huohuo.

Mkutubi mkuu alitupa ruhusa ya kuingia wakati wa likizo, wiki 4 ambapo maktaba ingefungwa kwa wasomaji. Sote tuliona ni bahati.

Siku mbili za kukusanya

Mwanafunzi alibandika vipande vya utepe sakafuni, kila baada ya mita 1.5 kwenye njia zote za kati ya rafu. Nukta 212. Akasimama juu ya kila kipande, simu mkononi usawa wa kifua, akabonyeza kitufe. Programu yake ilisoma hali ya Wi-Fi kila sekunde 2, mara 40, kisha simu ikatetemeka kumwambia asogee. Sekunde 80 za kusoma, nyingine za kutembea na kuandika namba ya nukta: kama dakika 2 kwa kila nukta. Alimaliza kwa siku mbili kazi aliyopewa wiki 4.

Alinitumia picha ya sakafu yenye vipande vya utepe, na nyuma yake viti vimepangwa juu ya meza. Nikamjibu: hongera, umewahi. Ndilo jibu nililolitoa.

Faili lilikuwa na mistari 8,480.

Namba nzuri

Alichanganya mistari yote, akatenga asilimia 80 ya kufundishia modeli na asilimia 20 ya kuipima, kama vitabu vya kujifunza kwa mashine vinavyofundisha. Algoriti rahisi kuliko zote, ya majirani 3 wa karibu (inatafuta mistari 3 inayofanana zaidi na kinachosikika), ilitoa kosa la wastani la mita 0.31. Mtandao wa neva ulitoa 0.34.

Mita 0.31 ni urefu wa rula ya shule. Ruta za kawaida, simu ya kawaida, algoriti inayofundishwa wiki ya pili ya kozi, na matokeo yake yamezidi mara kadhaa kila tulichokuwa tumekisoma. Msimamizi mkuu alisema, "Kijana, hapa kuna makala." Mimi niliuliza swali moja tu, kama amejaribu idadi nyingine ya majirani. Alikuwa amejaribu. Muhtasari ukaandikwa, ukapelekwa kwenye kongamano, ukakubaliwa.

Kuna dalili moja nitakayoirudia chini, lakini niitaje hapa ilipojitokeza: kosa la kati lilikuwa sifuri. Sifuri kamili. Lilikuwa kwenye jedwali la rasimu, safu ya pili, na watu watatu tuliokuwa tukisoma tuliliona.

Siku ya kuonyesha

Maktaba ilipofunguliwa, mwanafunzi alimwalika mkutubi aone kazi. Nilikuwapo. Alasiri, wasomaji wamejaa, na mkutubi alitaka kutumia simu yake mwenyewe kwa kuwa ndiyo aliyoizoea. Wakaiweka programu. Nukta ya buluu ikatokea kwenye ramani, mbele kidogo ya rafu za sheria. Sisi tulikuwa karibu na mlango.

"Subiri kidogo, itajirekebisha," mwanafunzi akasema.

Tukasubiri. Nukta ikakaa palepale, tulituli, kama nusu dakika. Kisha ikaruka upande wa pili wa ukumbi, ikavuka safu sita za rafu kwa pigo moja. Tukatembea kwenda ngazi, haikusogea. Tulipokuwa tumeshafika juu ndipo ilipoonyesha tuko kwenye ngazi.

Mkutubi ni mtu mstaarabu. Alisema, "Nadhani simu yangu ndiyo mbovu." Mwanafunzi akatoa yake, ileile aliyokusanyia data. Ilikuwa afadhali, lakini si kwa mita 0.31.

Njiani kurudi ofisini aliniambia kitu ambacho wanafunzi wengi wasingekisema: "Mwalimu, naomba tusipeleke ile makala kwanza. Naomba tukae na faili."

Mezani na faili

Tulikaa siku iliyofuata. Nilimwomba asiendeshe modeli yoyote, asichore grafu. Afungue faili ghafi, achague nukta moja, tusome mistari 40 kwa macho. Tulichagua nukta ya 57. Ruta tatu zenye nguvu zaidi zilisomeka hivi, kwa desibeli za miliwati (namba ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi):

−61, −70, −78
−63, −68, −81
−60, −71, −79
−62, −69, −78
−62, −69, −78
−62, −69, −78

Na kuendelea hivyo hadi mstari wa 40. Mistari 36 ya mwisho ilikuwa nakala ya mstari wa nne, tarakimu kwa tarakimu, kwa ruta zote na si hizi tatu tu. Nguvu ya Wi-Fi haitulii namna hiyo hata ukiacha simu juu ya jiwe. Tukafungua nukta ya 58, hali ileile. Ya 103, hali ileile.

Mwanafunzi hakusema kitu kwa muda. Kisha akafungua nyaraka za Android, akasoma kwa sauti. Kuanzia Android 9, iliyotoka 2018, programu iliyo wazi kwenye skrini inaruhusiwa kuskani Wi-Fi, yaani kusikiliza upya ruta zilizopo hewani, mara 4 tu katika kila dakika 2. Lengo ni kulinda betri. Ukivuka kiwango hicho mfumo haukugombezi. Amri ya kuskani inarudisha jibu la hapana, jibu ambalo msimbo wake haukulisoma, na ukiomba matokeo unapewa yale ya mwisho yaliyohifadhiwa. Kila tokeo lina muhuri wake wa muda unaoonyesha lilisikika lini, lakini yeye alihifadhi saa ya simu wakati wa kuandika mstari. Kwa hiyo kwenye faili kila mstari ulionekana mpya.

Hesabu ikajifunua yenyewe. Skani 4 za kweli katika sekunde za mwanzo, kisha nakala 36, kisha anasogea nukta nyingine dakika 2 zikiwa zimetimia. Pale alipotembea haraka akaanza kabla hazijatimia, mambo yalikuwa mabaya zaidi: mistari ya mwanzo ya nukta mpya ilikuwa bado ya nukta aliyotoka. Tulifuta nakala zote. Mistari 8,480 ikawa 871.

Hapo ndipo mita 0.31 ilipoeleweka. Ukichanganya mistari na kutenga asilimia 20 ya kupimia, karibu kila mstari wa kupimia una ndugu zake pacha kwenye fungu la kufundishia. Modeli ilikuwa ikitafuta nakala, na nakala haina kosa, ndiyo maana kosa la kati lilikuwa sifuri. Kosa lote la wastani lilitoka kwenye mistari 3 ya mwanzo ya kila nukta, isiyokuwa na nakala. Zidisha 0.31 kwa 40, gawanya kwa 3: unapata mita 4.1. Tulipopima upya bila nakala tulipata 3.9. Namba ya kweli ilikuwamo ndani ya namba ya uongo tangu mwanzo, na ungeweza kuitoa kwa penseli.

Maamuzi, na kwa nini

Tulikutana wasimamizi wawili na mwanafunzi. Uamuzi wa kwanza ulihusu kongamano. Msimamizi mkuu alitaka tupeleke makala yenye namba iliyosahihishwa, kwa hoja kwamba muhtasari ni ahadi tu na wengi hubadilisha. Mimi nilitaka tujitoe. Muhtasari wetu ulikuwa umekubaliwa kwa sababu ya 0.31, ukiiondoa hakuna kilichokubaliwa. Tulijitoa, na barua aliiandika mwanafunzi mwenyewe, mistari minne, akieleza sababu bila kuzungushazungusha.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi: kukusanya upya au kuokoa kilichopo? Mistari 871 safi bado ni data. Lakini yote ilitoka kwenye simu moja, siku mbili zinazofuatana, jengo tupu, mtu akitazama upande mmoja. Mwili wa binadamu una maji mengi, na maji hunyonya mawimbi ya masafa ya 2.4 GHz. Ukumbi wenye wasomaji mia ni ukumbi mwingine kabisa kwa upande wa redio, na hata mgongo wa anayeshika simu huzuia ruta zilizo nyuma yake. RADAR yenyewe ilirekodi kila nukta kwa kugeukia pande 4, kwa sababu hiyohiyo. Mwanafunzi alikuwa amelitaja hilo kwenye sura ya pili.

Tuliamua akusanye upya, lakini kidogo na kwa mpangilio mwingine. Nukta 64 badala ya 212. Siku 6 zilizotawanywa katika wiki 5, maktaba ikiwa wazi. Simu 3 za watengenezaji tofauti. Pande 4 kwa kila nukta. Kizuizi cha skani kizimwe kwenye mipangilio ya wasanidi, jambo linalowezekana tangu Android 10, na msimbo uhifadhi muhuri wa muda wa kila tokeo. Siku moja ilikula saa 7 hivi za kusimama. Nukta zilipunguzwa kwa sababu hiyo, na nilipoulizwa kama 64 zinatosha nilijibu kwamba siku 6 zina thamani kuliko nukta 600.

Kabla hajakanyaga nukta ya kwanza tuliandika kwenye karatasi nini kitapimwa dhidi ya nini: siku ya sita haiguswi mpaka mwisho, na simu ya tatu haitumiki kufundishia modeli hata mara moja.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kubadilisha swali. Tasnifu iliyoanza kwa kuuliza algoriti ipi inapata kosa dogo zaidi ikawa inauliza: kosa linakua kiasi gani siku inapobadilika, simu inapobadilika, watu wanapoongezeka? Sehemu ya kuhesabu hatua kwa vihisi vya mwendo tuliikata kabisa ili muda utoshe. Nitaurudia uamuzi huo.

Matokeo

Kwa algoriti ileile ya majirani wa karibu, simu ileile, siku ileile na mistari iliyochanganywa, kosa la kati lilikuwa mita 1.9. Simu ileile lakini siku nyingine: 2.9. Simu nyingine na siku nyingine: 4.6. Simu ya tatu ilikuwa ikizisikia ruta zote kwa udhaifu zaidi, kama desibeli 7 hivi, kwa hiyo kwa modeli ilionekana iko mbali na kila kitu. Mwanafunzi aliacha kutumia nguvu zenyewe akatumia tofauti kati ya ruta na ruta, ambapo udhaifu wa simu hujifuta wenyewe, na 4.6 ikashuka hadi 3.6. Kwa makosa yote ya fungu la mwisho, robo tatu yalikuwa chini ya mita 6.

Lengo la mita 2 halikufikiwa. Rafu hazionyeshwi, programu inaonyesha ghorofa na eneo la rafu, na hapo haikosei mara nyingi, kwani sakafu ya zege hutenganisha mawimbi ya juu na ya chini kuliko rafu za mbao zinavyotenganisha chochote. Mkutubi aliridhika. Nadhani hakuwahi kuhitaji zaidi ya hapo, na hakuna aliyemuuliza.

Tasnifu ilichelewa miezi 7. Kwenye utetezi mtahini wa nje aliuliza bila huruma: "Kwa hiyo mchango wako ni kuonyesha kwamba ulikosea?" Mwanafunzi alijibu, "Hapana, Profesa. Nimepima kila chanzo cha kosa kina ukubwa gani, kimojakimoja. Kosa langu ni chanzo kimojawapo." Alipita kwa masharti ya marekebisho.

Uchambuzi: lilipoanzia

Ni rahisi kusema mwanafunzi alisahau kusoma jibu la amri moja. Alisahau, na mtu yeyote anayeandika programu za Android atamwelewa. Lakini hitilafu ya msimbo ingegunduliwa wiki ileile kama utaratibu wa kupima ungekuwa tofauti. Angepima siku ya kwanza dhidi ya siku ya pili, au nukta alizopita mara moja dhidi ya alizopita mara nyingine, nakala zisingemsaidia na namba ingekuwa mbaya papo hapo. Kuchanganya mistari kisha kuikata asilimia 80 kwa 20 kunafaa pale ambapo kila mstari unajitegemea. Skani mbili zilizofuatana kwa sekunde 2 mahali pamoja hazijitegemei hata zikiwa za kweli. Ile 1.9 ya data safi ni ushahidi: hakuna nakala hata moja humo, na bado ni ndogo kuliko 2.9 utakayoipata kesho yake.

Funzo hilo lilikuwa mezani kwetu tayari. Mwanafunzi alikuwa ametumia pia UJIIndoorLoc, seti ya data ya wazi ya mwaka 2014 kutoka Chuo Kikuu cha Jaume I cha Hispania, yenye majengo 3, ruta 520 na mistari 19,937 ya kufundishia. Waandaaji wake walitenga mistari 1,111 ya kuthibitishia iliyokusanywa miezi 4 baadaye. Hawakufanya hivyo kwa urembo. Yeye aliyaunganisha mafungu yote mawili akayachanganya, na sisi tulisoma sura hiyo tukaipitisha.

Kutoka hukohuko alirithi pia kosa dogo lililonifurahisha kwa namna fulani. Katika UJIIndoorLoc, ruta isiyosikika huandikwa 100, chanya. Ni ishara tu ya kusema haipo. Aliifuata desturi hiyo kwenye data yake kisha akapima umbali kati ya alama kwa namba hizo zilivyo. Ruta iliyosikika kwa taabu, −95, dhidi ya isiyosikika kabisa, 100: tofauti 195, ilhali kihalisia hali hizo mbili ni karibu kitu kimoja. Alipobadilisha 100 kuwa −105 bila kugusa kingine, ile 3.9 ikawa 3.2. Wiki mbili za kurekebisha mtandao wa neva hazikuwahi kumpa kiasi hicho.

Uchambuzi: sisi wasimamizi

Katika kila kikao cha wiki tulimuuliza swali moja: imefika ngapi? Mtu akiulizwa namba kila Jumatatu atajifunza kuleta namba. Hakuna aliyewahi kumwambia alete mistari 40 ya nukta moja. Siku tulipoifungua, tatizo lilionekana chini ya dakika 10.

Pili, tulipenda urahisi. Maktaba tupu ilikuwa rahisi kwa ruhusa, kwa utepe sakafuni, kwa kila kitu isipokuwa swali la utafiti, ambalo lilimhusu msomaji aliye katikati ya wasomaji wengine. Kazi ya wiki 4 kuisha kwa siku 2 nayo ilipaswa kutushtua. Hesabu yake ni ya darasa la hesabu za kawaida: skani 40 za kweli kwa kiwango cha 4 kila dakika 2 ni dakika 20 kwa nukta, na nukta 212 ni zaidi ya saa 70. Yeyote kati yetu aliyeijua Android 9 angeuliza saa hizo zimekwenda wapi. Mimi niliijua. Sikuunganisha.

Uchambuzi: kilichosaidia

Alihifadhi faili ghafi bila kuligusa. Kila usafishaji ulikuwa kwenye faili jingine, kwa msimbo uliohifadhiwa. Bila hilo tusingejua kamwe kama nakala zilitoka kwenye simu au kwenye usafishaji.

Onyesho kwa mkutubi nalo lilisaidia, ingawa lilipangwa kwa ajili ya picha za ripoti. Mtu asiye wa fani, na simu yake mwenyewe, saa ya msongamano: hayo ndiyo majaribio matatu tuliyokuwa tumeyakwepa, yakafika kwa pamoja.

Na kuna uamuzi wa mwanafunzi njiani kurudi ofisini. Angeweza kunyamaza. Rasimu ilikuwa tayari, muhtasari umekubaliwa, na hakuna mtahini ambaye angeendesha faili lake.

Uchambuzi: ninayoyatilia shaka bado

Kukata sehemu ya kuhesabu hatua kuliokoa muda, lakini nadhani tulikata kiungo kibaya. Kuzima kizuizi cha skani kunawezekana kwenye simu ya mtafiti. Simu ya msomaji itabaki na skani 4 kwa dakika 2, yaani moja kila nusu dakika. Anayetembea kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde atakuwa ameenda mita 36 kabla ya skani inayofuata. Ndiyo ile nukta ya buluu iliyoganda kisha ikaruka rafu sita. Ukiwa na simu za Android na skani za Wi-Fi peke yake huwezi kumfuata mtu anayetembea, hata alama zako ziwe safi namna gani. Kati ya skani na skani lazima kitu kingine kibebe hesabu, na vihisi vya mwendo ndivyo vilivyomo mfukoni. Tasnifu inalisema hili kwa ukurasa mmoja. Lilistahili sura.

Jambo jingine lilitufikia tumechelewa. Maktaba ilipojaa, faili likaanza kuwa na ruta zisizo za jengo: hotspoti za simu za wasomaji. Kwa modeli ni uchafu, zinatembea, na tulizifuta. Lakini majina yake yalikuwa majina ya watu, jina na simu ya fulani, pamoja na saa na nukta alipokaa. Tulikuwa tumeiambia kamati ya maadili kwamba hatukusanyi taarifa za mtu yeyote. Tuliirudia kamati tukaeleza, tukaondoa majina kwenye kila faili, la ghafi pia. Hiyo ndiyo mara pekee tulipoligusa.

Sasa kabla ya kikao cha kwanza cha matokeo, kila mwanafunzi wangu anaendesha msimbo mfupi unaohesabu mistari yote, kisha mistari isiyojirudia, na kuleta namba zote mbili. Aliyefuata alileta mistari 5,000. Isiyojirudia ilikuwa 4,212. Hatukuuliza kosa ni mita ngapi siku hiyo. Tulikaa tukitafuta zile 788 zimetoka wapi.